Baba mkwe ni mtu wa lager tu: nimchukulie bia gani ya msimu?

Mkwe_Mpya

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi.

Duka la mvinyo la mtaani kwetu limebandika tangazo la hafla ya kuonja bia za msimu huu wa majani kupukutika, zile za viwanda vidogo pamoja na chache za Ujerumani. Orodha ina bia tano: Festbier na Märzen, zote za Munich, moja ya maboga, moja ya hopsi mbichi, na stauti nzito ya asilimia 10. Ukinunua siku hiyo wanakufungia bure kwenye kikapu cha zawadi.

Mimi na mke wangu tunakwenda, ila kilichonipeleka hasa ni zawadi. Baba mkwe anatimiza miaka 70 mwishoni mwa Novemba na ningependa nimalizane na jambo hilo hapo hapo. Mzee ni mtu wa lager tangu ujana wake. Ukimpa kitu chenye harufu ya matunda anakushukuru vizuri, anainusa, halafu glasi inabaki mezani mpaka mnaaga.

Nauliza hivi: kati ya hizo tano ipi itamfaa? Hizo mbili za Munich zinatofautianaje, maana muuzaji kaniambia zote ni bia za Oktoberfest na akaishia hapo? Na kwenye kuonja bia watu wanatema kama kwenye mvinyo, au nitaonekana mshamba?

Chupa Tupu

Mpe ya maboga uone kama utaitwa tena kwenye kikao cha familia. Ile ni chai ya viungo iliyopotea njia.

Bi Kaunta

Mkwe_Mpya, umefanya vizuri kuuliza mapema. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la mvinyo miaka mingi na hafla kama hizo nimeziendesha mwenyewe, kwa hiyo nivumilie, nitakwenda kwa kirefu.

Kabla ya kuuliza ipi tamu, uliza itafunguliwa lini. Wewe unanunua mwanzoni mwa Oktoba, mzee anafungua Novemba inaisha. Hapo katikati kuna wiki karibu nane, na hizo bia tano hazichakai kwa mwendo mmoja.

Ya hopsi mbichi iondoe kabisa kwenye hesabu ya zawadi. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba, iwe Hallertau kule Bavaria, Ujerumani, Kent kule Uingereza, au bonde la Yakima katika jimbo la Washington. Ua la hopsi likitoka shambani karibu asilimia 80 yake ni maji, na lisipokaushwa upesi linaharibika. Ndiyo maana karibu mavuno yote hupitia kwenye tanuri la kukaushia na kutumika mwaka mzima. Bia ya hopsi mbichi inaruka hatua hiyo: maua yanachumwa na kuingia kwenye mtambo ndani ya siku moja hivi. Sierra Nevada wa California walianza kuuza ya kwao mwaka 1996, na wengi wakafuata. Unacholipia ni ile harufu ya majani mabichi, na hiyo ndiyo inayotangulia kuondoka. Ionje Jumamosi, ukiipenda chukua kopo lako, limalize wiki hiyo hiyo. Ukimwekea mzee mpaka Novemba utampa uchungu mtupu.

Sasa Märzen ni kinyume chake. Mwaka 1553 Bavaria ilitoa amri ya kukataza kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili mpaka 29 Septemba, kwa sababu bia ya kiangazi ilikuwa inaharibika kwa joto. Wapishi wakawa wanapika za mwisho mwezi Machi, wanaziongezea nguvu kidogo, wanazilaza kwenye mahandaki yenye baridi, kisha zinanyweka kiangazi chote mpaka mavuno mapya ya shayiri yaingie. Siku hizi majokofu yapo na amri haipo, lakini namna yenyewe imebaki: lager iliyolazwa muda mrefu, ya rangi ya kaharabu, yenye ladha ya kimea kilichookwa, uchungu wa hopsi ukiwa nyuma tu. Wiki nane haiziogopi, mradi isikae kwenye joto wala juani.

Festbier ni ndugu yake mdogo. Rangi ya dhahabu, nyepesi zaidi mdomoni, ila kilevi ni kile kile, karibu asilimia 6. Paulaner ndio walioisukuma miaka ya 1970, hoja yao ikiwa kwamba Märzen inamshibisha mtu kabla hajamaliza glasi ya pili, na kumbuka kule glasi moja ni lita nzima. Leo kwenye mahema ya Oktoberfest, lile tamasha la bia la Munich, kinachomiminwa ni hiyo ya dhahabu, na wanaoruhusiwa kuileta ni viwanda sita tu vya mji huo: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Wamarekani wao wakiandika Oktoberfest kwenye lebo mara nyingi wanamaanisha ile ya kaharabu. Muuzaji wako hakukudanganya, alikuwa na haraka tu.

Kwa mzee ningechukua Festbier mbili na Märzen mbili. Festbier ataitambua kwa kunusa tu, ni lager yake aliyoizoea, imevaa suti. Märzen itampa jambo la kuongea. Mtahadharishe tu kuhusu ile asilimia 6, maana Festbier inateremka kama ya asilimia 4 na miaka 70 ni miaka 70.

Na kikapu usikichukue kilichokwisha kufungwa. Nasema hivi kama mtu aliyevifunga. Kikapu kinapangwa kipendeze, kinawekwa dirishani, na dirisha ndilo adui wa bia. Mwanga wa jua ukipiga hopsi ndani ya chupa, ule uchungu unavunjika na kutoa harufu mbaya ya kiberitiberiti ambayo hata asiyejua bia ataikunjia uso. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani kidogo sana, nyeupe haikingi kitu. Omba wakutolee chupa kutoka kwenye boksi stoo, au kwenye friji ya nyuma, kikapu chenyewe mfunge mbele yako. Muuzaji mzuri hakasiriki.

Hopsi_Mbichi

Bi Kaunta kamaliza upande wa zawadi, mimi niongeze kwenye kuonja. Napika bia nyumbani, kwa hiyo kuonja ndiyo kazi yangu ya jioni.

Kutema hapana. Uchungu wa bia unaujua vizuri ukishameza, na ile harufu inayopanda puani kutokea kooni ndiyo nusu ya ladha. Ukitema umeonja nusu. Ila kwa sababu unameza, piga hesabu. Tuseme wanakumiminia mililita 100 za kila moja. Kwa orodha yako, hata ukikadiria nne za kwanza kwa asilimia 6 tu, hizo ni mililita 24 za kilevi halisi, ongeza 10 za stauti, jumla 34. Chupa ya nusu lita ya lager ya asilimia 5 ina 25. Yaani umekunywa zaidi ya chupa nzima huku ukijiona umelamba tu. Usiendeshe gari.

Utaratibu: Festbier, Märzen, ya hopsi, ya maboga, stauti. Viungo vya ile ya maboga vinakaa mdomoni, ukianza navyo Festbier itakuwa maji. Kati ya glasi na glasi, maji na kipande cha mkate usiotiwa kitu. Usipake manukato siku hiyo, utawaharibia hata majirani. Na kama stauti imetoka moja kwa moja kwenye friji, ishike glasi mikononi dakika kadhaa. Lager inapendeza kwenye nyuzi 5 au 7, stauti ya aina hiyo mpaka 12 hivi, ikiwa baridi sana husikii kitu zaidi ya ukali wa pombe.

Chupa Tupu, umeionea ya maboga. Boga lenyewe halina ladha kubwa ndani ya bia, hilo kweli. Kinachosikika ni mdalasini, kungumanga, karafuu na tangawizi. Lakini haikuanzia kwenye mzaha. Walowezi wa makoloni ya Amerika walilitia kwa sababu kimea kilikuwa adimu na boga lilikuwa na sukari ya kuchachua. Ikafa, halafu ikafufuliwa katikati ya miaka ya 1980 na Bill Owens wa Buffalo Bill's kule Hayward, California. Iliyopikwa kwa adabu, viungo vikiwa nyuma ya kimea, mimi nainywa bila aibu.

Ila kwa mzee ningepeleka stauti. Hiyo ndiyo inayotunzika. Asilimia 10, kiza na ubaridi, ataikuta nzima hata baada ya miaka miwili.

Chupa Tupu

"Iliyopikwa kwa adabu." Nitajie walau moja tuijue.

Bi Kaunta

Hopsi_Mbichi, kwenye utaratibu wa kuonja sina neno. Kwenye stauti nakataa. Kutunzika ni sifa ya chupa, zawadi inatafuta sifa kwa anayepewa. Nimeuza stauti nyingi sana za kupelekewa wazee, na najua zinapoishia: juu ya kabati, zimesimama na utepe wake, kila mgeni anaonyeshwa. Mtu wa lager hafungui kitu cheusi cha asilimia 10 peke yake jioni. Kama mkwe anataka stauti, ainunue ya kwake.

Kuhusu maboga nipo katikati. Bavaria wasingekubali kuiita bia hata kidogo, sheria yao ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji, basi. Lakini nimeona watu wasiopenda bia wakianza na hiyo. Mwambie mkeo aionje.

Mkwe_Mpya

Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Mke wangu ndiye dereva siku hiyo, kwa hiyo atanusa tu, na tayari kasema ya maboga tutabeba moja akanywee nyumbani.

Leo nilipita dukani kuchungulia. Nikageuza chupa kama Bi Kaunta alivyodokeza mambo ya muda. Märzen ina tarehe ya mwezi wa nne mwakani. Festbier ya mwezi wa pili. Ya hopsi mbichi, ambayo ni ya Marekani, chini ya kopo imepigwa 09/12. Sasa hapo nikajiuliza: si inamaanisha inaisha tarehe 9 Desemba? Kama ndivyo, kwa mzee inawahi. Na nikishanunua hizo za Munich niziweke wapi wiki zote hizo, friji yetu ndogo?

Hopsi_Mbichi

Umenasa kwenye mtego wa Wamarekani. Wao wanaanza na mwezi. Hiyo 09/12 ni tarehe 12 Septemba, na viwanda vyao vingi vidogo vinaandika siku bia ilipotiwa kwenye kopo. Angalia kama kuna maneno madogo pembeni ya tarehe. Na hopsi yenyewe imevunwa siku hizo hizo, kwa hiyo haiwezi kuwa kitu kingine. Ikifika Jumamosi itakuwa na wiki tatu na ushee, bado nzuri. Inywe usiku huo.

Bi Kaunta

Ndivyo. Wajerumani wao wanaandika siku ya mwisho ambayo kiwanda kinaidhamini bia, si siku iliyotiwa chupani, kwa hiyo usizilinganishe tarehe za makopo hayo na za chupa hizo kana kwamba zinasema jambo moja. Za kwako zote mbili zina nafasi. Lakini kama wana boksi la Festbier lenye tarehe ya mbele zaidi, omba hilo. Mara nyingi lipo, limefunikwa na la zamani kwa sababu dukani tunatanguliza la zamani liishe.

Kuhusu friji, si lazima zikae zote. Joto ndilo linaloichosha lager, inaanza kutoa ladha ya boksi lililolowa, kwa hiyo friji ndiyo bora, ila kama nafasi hakuna tafuta pembe ya nyumba iliyo baridi na giza kuliko zote. Juu ya friji usiweke, pale kuna joto la mashine, na watu wengi ndipo wanapoweka. Zisimamishe, usizilaze kama mvinyo, maana bia haina kizibo cha gome kinachohitaji kulowa. Na usizitoe friji leo ukazirudisha kesho kutwa. Chagua mahali pamoja, ziache hapo.

Siku ya sherehe ziingie friji tangu asubuhi, na uzipeleke kwa mzee zikiwa za baridi tayari. Akizipokea za moto atazihifadhi, na akizihifadhi hutakuwepo zikifunguliwa.

Chupa Tupu

Na mimi naomba duka hilo liko mtaa gani.