Waziri akijibu "mipango ipo", ndo basi?

Mwakilishi wa upinzani kwenye Baraza la Wawakilishi Zanzibar kauliza habari ya maji, Waziri kajibu "mipango ipo". Bado ana la kufanya?

— Analo: swali la nyongeza, kupitia kwa Spika. Wengi hapo huanza kuhutubia, wakakatwa. Aulize kitu kimoja chenye tarehe au fedha: "Pampu ya kisima kile itafungwa mwezi gani, na fedha zimo kwenye kifungu gani?" Mipango haijibu hilo.

— Na aangalie mlango. Polisi ni jambo la Muungano, huulizwa Bungeni Dodoma. Maji, afya na skuli ndo za Chukwani, kwenye Baraza.

— Mie naona asubiri bajeti, kabla ya Julai. Fungu la wizara halijapita, Waziri husikia vizuri zaidi!