Kulipia Lightroom kila mwezi: busara au tumejifunga kitanzi wenyewe?

Kipepeo wa Tandika
Wakuu, salaam. Leo tuambiane ukweli bila kuoneana haya. Mimi napiga harusi, sendofu na vipaimara. Kazi zangu zote tangu nianze zimo kwenye katalogi moja ya Lightroom Classic, programu ya kampuni ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha: nyota, maneno ya kutafutia, makundi, marekebisho ya rangi, kila kitu. Kadi inakatwa dola kila mwezi, harusi ziwepo zisiwepo. Kwaresima na Ramadhani zikigongana, simu hailii, lakini makato yapo palepale. Kazi nimeifanya kwa mikono yangu, kwa nini nilipe kodi ndipo niifungue? Nafikiria kuhamia digiKam ya kupangia picha na darktable ya kurekebishia rangi, za bure. Mnaolipia jiteteeni, msiolipia mtueleze mnaishije. Wenye kreki, programu za kuiba, kaeni pembeni, tunajuana.

Jirani wa Msimbazi
Hapo mwisho umetuchokoza bure. Hiyo Lightroom yako ya kwanza uliinstoli kutoka wapi, Marekani? Watu wakishapata kadi ya benki wanasahau walikotoka.

Kipepeo wa Tandika
Sijakutaja jina.

Jirani wa Msimbazi
Hukuhitaji.

Bwana Slaida
Tuanze na upotoshaji. Hakuna anayekukodisha kazi yako. Katalogi ni faili la .lrcat, ndani yake ni hifadhidata ya SQLite tu, na limo kwenye kompyuta yako. Picha hazimo humo. Ziko kwenye folda ulizoziweka mwenyewe, katalogi inakumbuka tu ziko wapi na umezifanya nini. Ukiacha kulipa, Classic inafunguka, unatafuta picha zako, unatoa JPEG. Kinachofungwa ni Develop, sehemu ya kurekebisha rangi na mwanga, na Ramani inayoonyesha picha zilipigwa wapi. Wanaolia humu wengi wao walihamisha folda kwa mkono nje ya programu, alama ya kuuliza ikatokea, wakatangaza "picha zimeliwa".

Penguini wa Ubungo
"Kinachofungwa ni Develop." Sasa mpiga harusi akinyang'anywa Develop anabaki na nini, kutazama? Kuna kitu hamkisemi: Lightroom 6 ulikuwa unainunua mara moja, dola 149, imeisha hiyo, ni yako. Ilitoka 2013 kama sikosei. Baada ya hapo wakaufunga mlango, sasa ni kulipa kila mwezi hadi uzeeke. Na ramani wakaizima hata kwa waliokwisha kununua.

Bwana Slaida
Unakosea. Ni Aprili 2015. Ramani ilikufa mwisho wa Novemba 2018 kwa sababu ufunguo wa ramani za Google uliomo ndani ya matoleo ya zamani ulifika kikomo. Na usinihubirie vya bure. Picasa, programu ya picha ya Google, ilikuwa ya bure, wakaiacha 2016. Aperture ya Apple watu waliilipia, 2014 Apple wakatangaza hawaiendelezi tena. Kwa hiyo ukilipa unaachwa, usipolipa unaachwa. Tofauti ni kwamba mimi kazi inatoka Jumatatu, wewe bado unatafuta msaada kwa Wajerumani mtandaoni.

Penguini wa Ubungo
Usichanganye bure na huru. Picasa msimbo wake ulikuwa wa Google peke yao, walipoondoka wakaondoka nao. Msimbo wa digiKam uko wazi, wakiondoka hawa wanaushika wengine. Halafu kuhusu kazi kutoka Jumatatu: tumeiona. Nyie walipaji wa dola ndio mnaotuletea bibi harusi mweupe kama sembe, bwana harusi pembeni ana rangi yake ya kuzaliwa, unadhani wamepigwa siku mbili tofauti. Programu ya bei mbaya, jicho hakuna.

Bwana Slaida
Nitajie albamu moja yangu uliyoiona. Moja tu.

Penguini wa Ubungo
Sijasema yako. Umeshtuka mwenyewe.

Somo wa Mbagala
Mimi si mpiga picha, nafunda wari. Nilikuwa napita, hiyo sembe imenisimamisha. Kuna mwari wangu mmoja, albamu ilipoletwa mama yake mzazi akaniuliza, "Somo, huyu nani?" Mtoto kazaliwa dona, kakua dona, kaolewa kwa udona wake na mahari ikalipwa yote. Nani kawatuma mumkoboe?

Jirani wa Msimbazi
"Mumkoboe" 😂😂 Mama umeua.

Bwana Slaida
Shikamoo mama. Naomba nieleze ufundi kidogo, maana watu wanacheka bila kujua. Kamera haijui gauni ni jeupe. Inapima mwanga kwa kudhani kila kilichoko mbele yake wastani wake ni kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga ili gauni liwe la kijivu, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Fundi akifika kwenye kompyuta anapandisha mwanga ili uso uonekane. Huko si kumng'arisha mtu, ni kumrudisha alivyokuwa.

Somo wa Mbagala
Marahaba. Sasa huyo wangu mlimrudisha mkampitiliza.

Penguini wa Ubungo
Mama usikubali maelezo nusu. Kupandisha mwanga wa picha ni jambo moja. Jambo la pili hajalitaja: kwenye Lightroom kila rangi ina slaida yake, kile kitufe cha kuvuta kushoto na kulia, na ngozi zetu zinaangukia zaidi kwenye rangi ya chungwa. Ukipandisha mwangaza wa chungwa peke yake, gauni halibadiliki, maua hayabadiliki, mtu ndiye anayekuwa mweupe. Halafu wanaihifadhi kama priseti, yaani mipangilio iliyo tayari, na kuimwaga kwenye harusi nzima, kuanzia bi harusi hadi MC.

Bwana Slaida
darktable haina slaida hiyo? Ipo, tena ina nguvu zaidi. Kwa hiyo lawama ni ya mkono, si ya programu. Na tuseme lingine: wateja wenyewe wanaomba. Naletewa picha za watu wa Instagram, "kaka nitoe hivi". Nikikataa anaenda kwa jirani.

Jirani wa Msimbazi
Jirani nimo, namba zangu zilezile.

Mzee wa Negatifu
Wanangu, jambo hili si la leo wala si la kompyuta. Zama za filamu, maabara zilipimia rangi kwa kadi za Kodak walizoziita Shirley: mwanamke wa kizungu, ngozi yake ikitoka sawa basi mashine iko sawa. Sisi tukitoka meno na macho. Na waliowasukuma kuibadili filamu hawakuwa sisi, walikuwa watengeneza chokoleti na wauza samani waliolalamika kuwa mbao na kahawia haziji vizuri. Huku kwetu Unguja mafundi walijifunza wenyewe kwenye chumba cha giza. Capital Art Studio, Mji Mkongwe, aliifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Tazameni nyuso za watu kwenye picha zake. Hakuwa na priseti wala katalogi ya kukatwa kwenye kadi, na picha zingalipo.

Jirani wa Msimbazi
Mzee wangu kwa heshima zote, hizo ni zilizosalimika. Negatifu ngapi pwani hii zimeliwa na ukungu na joto tukatupa? Tusizisifie bahasha za negatifu.

Mzee wa Negatifu
Nawe diski yako ikianguka utaiokota ikiwa na nini ndani?

Kipepeo wa Tandika
Wakuu, mada ilikuwa kulipia au kutolipia. Nimeuliza swali la pesa nimejibiwa unga.

Somo wa Mbagala
Nina swali la mwisho niwaachie. Zile picha kabla hazijakobolewa zipo? Nikamwombee mwari wangu zile mbichi.

Bwana Slaida
RAW, hizo mbichi za kamera, hazitolewi mama. Hiyo ni kama kudai unga kwa mwoka mikate, tusiharibiane biashara.

Penguini wa Ubungo
Tusiharibiane? Kipepeo analalamika kufungiwa kazi yake na kampuni, wote mnapiga makofi. Mama anaomba sura ya mwanawe, mnafunga mlango. Kwa mteja, Adobe ni wewe.

Bwana Slaida
Mteja analipia picha zilizokamilika. Akizichukua mbichi akaziharibu kwenye simu, jina linalochafuka ni langu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 umeisoma au umeisikia?

Penguini wa Ubungo
Mkataba wako na mteja umeandikwa wapi, WhatsApp? Anzia hapo ndipo unitajie sheria.

Kipepeo wa Tandika
Jamani. Kuhama. Nyota zangu zitakuja digiKam ama hazitakuja?

Penguini wa Ubungo
Zitakuja. Chagua picha zote, hifadhi taarifa kwenye XMP, maelezo yanayoambatana na picha yenyewe, kabla hujaacha kulipa. Nyota na maneno ya kutafutia digiKam inayasoma. Rangi usizitegemee, kila programu inapika kwa namna yake, kwa hiyo zile bora zitoe kabisa kama TIFF, faili la picha lisilopoteza ubora. Makundi na zile nakala pepe, matoleo mengine ya picha ileile ndani ya programu, havimo kwenye XMP, vinabaki kwenye katalogi.

Kipepeo wa Tandika
Makundi yote? Mimi kila mteja nimempangia kundi lake!

Bwana Slaida
😊 Karibu nyumbani. Ila fahamu ule mpango wa dola 9.99 kwa mwezi wenye hifadhi ya mtandaoni ya GB 20 walishaufunga kwa wateja wapya tangu Januari 2025. Ukitoka usidhani utaukuta.

Penguini wa Ubungo
Umeona? Anakutetea kitanzi kwa kukuonyesha kinavyokaza. Kipepeo, geuza kila kundi kuwa neno la kutafutia, ndipo uhifadhi XMP. Inachosha, lakini inahama.

Somo wa Mbagala
Sijajibiwa kuhusu mbichi.

Jirani wa Msimbazi
Mama huyo fundi aliyemkoboa mwari wako unaweza kunipa namba yake inbox? Nina shangazi anaolewa baada ya Idi, ndicho anachokitafuta hasa.

Somo wa Mbagala
Mlete shangazi kwanza, nina maneno naye.