Nahama Kampala kwenda Arua na paka watatu, nifanyeje wasipate taabu?

Nyota_Kansanga
Habari zenu wakuu. Nimepata kazi Arua, natoka Kansanga. Vyombo vimeshapata Fuso na dereva nimempa nusu ya pesa. Kinachoninyima usingizi ni paka. Ninao watatu. Bibi ni mwoga, boda ikipiga honi tu anaingia chini ya kitanda na hatoki mpaka giza. Sultani ana makelele, akifungiwa mtaa mzima unajua. Safari ni karibu kilomita 500, na hawa hawajawahi kufika hata Kabalagala. Tunaondoka usiku. Kuna mtu kaniambia niwape Piriton walale njia nzima. Wenye uzoefu naombeni msaada.

BodaMstaafu
Ngoja waje wenye paka. Mimi nimewahi kubeba mbuzi kwenye pikipiki kutoka Bwaise mpaka Gayaza, abiria alimpakata kifuani. Mbuzi hakupata taabu yoyote. Abiria ndiye alishuka ameloa.

Koboko_Boy
Karibu West Nile dada. Pale Karuma nyani hukaa barabarani wakingoja ndizi. Sasa wakiona umebeba paka sijui watasemaje.

Mfugaji_Lira
Dada, Piriton weka kando. Panado ndiyo usithubutu kabisa, ini la paka haliiwezi, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Kama Bibi ni mwoga kiasi hicho, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya siku yenyewe. Chuo cha mifugo pale Makerere wanatibu paka na mbwa. Daktari akiona inafaa atakupa gabapentini, dawa ya kumtuliza woga, kwa uzito wake. Zipo dawa nyingine zinazolegeza mwili tu, woga wote unabaki ndani, mnyama anaogopa na hawezi hata kunyanyuka.

Kinachomsumbua paka zaidi ni harufu. Umemwona anavyosugua mashavu kwenye mlango, kwenye mguu wa kiti, kwenye goti lako? Anaweka alama zake. Ukimpeleka nyumba ngeni alama zote hamna, kwake ni sawa na kutupwa porini. Kwa hiyo anza leo na tenga. La kuku linafaa, lifunge mdomo vizuri kwa kamba. Kila paka na lake, usiwachanganye hata kama wamelala pamoja tangu utotoni, wakitishika wanararuana wenyewe kwa wenyewe. Liache wazi sebuleni, mukene (dagaa) wake umtilie humo humo, ndani tandika leso uliyoivaa na usiifue.

Siku ya safari asile saa chache kabla, atatapika. Funika tenga kwa kitenge chepesi, hewa ipite. Matenga yasikae nyuma na magodoro, yakae mbele na wewe. Ukiona paka anahema mdomo wazi, hali si nzuri, joto au woga umemzidi, simamisha gari. Na usifungue tenga njiani kwa huruma.

Mkifika wape chumba kimoja, mlango na madirisha yafungwe. Maji, chakula, beseni la mchanga, na uchukue kidogo mchanga waliokwisha kuutumia huko Kansanga uchanganye. Wakijificha waache. Nje wasitoke mpaka zipite wiki tatu au zaidi. Asiyekula siku mbili usimsubirie, paka akikaa njaa mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini.

Halafu dada, umesema watatu ukataja majina mawili. Wa tatu ni nani?

Nyota_Kansanga
Mungu akubariki daktari. Piriton nilishanunua, basi nitainywa mwenyewe nikiwa na mafua. Wa tatu ni Mandazi, dume, hana shida yoyote ndiyo maana sikumtaja. Usiku ni kwa sababu ya jua, mchana kule kaskazini ni moto.

Mfugaji_Lira
Mimi si daktari, nafuga tu. Usiku kwa ajili ya joto ni sawa.

Mama_Walukuba
Hiyo ya wiki tatu msiipuuze. Sisi tulihama Walukuba kwenda Bugembe, hapa hapa Jinja. Paka wetu nilimfungia siku chache nikamwonea huruma, nikamtoa. Hakurudi. Watoto wakalia, baba yao akajifanya hajali ila usiku anatoka na tochi. Kumbe bwana paka amerudi Walukuba kwa miguu, anaingia dirisha lile lile, analala kitanda kile kile. Wapangaji wapya walikuwa wamefunga ndoa juzi. Yule mke akaamka usiku akakuta macho mawili yanamtazama kutoka miguuni. Wakaita mchungaji! Nyumba ikaombewa, paka akiwa juu ya kabati. Tulipoenda kumchukua walituangalia vibaya sana, na mpaka leo tukikutana sokoni yule mama hupitia upande wa pili.

Ustadh_Bombo
Assalaam alaykum. Katika hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) ametaja mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi dada yangu ukiwafungia hicho chumba, hakikisha maji hayakauki. Na kwa faida ya wasomaji, Abu Huraira aliitwa hivyo kwa sababu ya kijipaka chake.

BodaMstaafu
Mimi bado niko kwenye Fuso. Nimeishi Kansanga. Wanaopakia vyombo usiku ni wa aina mbili, mgeni wa mji na mwenye deni la kodi. Mama mwenye nyumba anajua unahama?

Nyota_Kansanga
Mkuu, kodi nimelipa mpaka mwisho wa mwezi na risiti ninayo. Anajua nahama, tumeagana vizuri tu. Hajui ni saa ngapi. Tunatoka Ijumaa usiku, akiwa kwenye mkesha.

Mama_Walukuba
Mbona sasa mnaagana vizuri halafu unasubiri aende mkesha?

Mfugaji_Lira
Na Mandazi ana miaka mingapi? Umemlea tangu mdogo?

Nyota_Kansanga
Haya. Mandazi nilimkuta kwenye nyumba. Kwa maneno ya watu ni wa mama mwenye nyumba, kwa sababu analinda duka lake la unga na maharage pale mbele. Lakini naombeni mnielewe. Yule mama anamrushia posho (ugali) iliyolala, hana hata jina kwake. Mimi ndiye niliyempeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa. Mimi ndiye niliyemhasi, kwa pesa yangu, alipokuwa anarudi kila asubuhi na sikio limepasuka. Analala mgongoni kwa Bibi, na Bibi bila yeye hali chakula. Nikimwacha nitakuwa nimewatesa wote wawili. Swali langu lilikuwa ni jinsi ya kusafiri naye bila kumtia woga, si kama nimchukue au nisimchukue. Nimeshanunua tenga lake.

Koboko_Boy
Kwa hiyo unamtorosha askari wa mama wa watu akiwa zamu! Na magunia ya maharage yako ndani!

Ustadh_Bombo
Hapa pana haki ya mtu. Wema uliomfanyia mnyama una malipo yake kwa Mungu, lakini haukufanyi mmiliki. Uje pia kutueleza hiyo ya kumhasi, alikupa ruhusa nani?

Nyota_Kansanga
Ustadh, alipokuwa anapigana usiku kucha yule mama alikuwa ananigongea mlango anasema "paka wako". Akikamata panya ndiyo anakuwa paka wake?

Mama_Walukuba
Mdogo wangu, mbona rahisi. Chukua kilo mbili za sukari na sabuni mche mmoja, nenda jioni, kaa kwenye mkeka, omba. Mwambie utamtafutia kijipaka kingine. Wamama wa Kansanga nawajua, akiheshimiwa hanyimi. Akiona umetoka usiku kama mwizi atakutangaza mpaka Ggaba.

Nyota_Kansanga
Na akikataa? Sasa hivi hajui kama namtaka. Nikishauliza tu, Ijumaa atamfungia dukani.

HakikiKwanza
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga, mnainywa hapa na mnaongeza sukari. Someni tena kutoka juu. Mwanzo "ninao watatu". Baadaye wawili. Mwanzo jua la kaskazini, baadaye mkesha. Silali, sijui Fuso, halafu anajibu kila dakika mbili. Kulikuwa na uzi wa bata mzinga anayeogopa radi, mliushauri kurasa nne, mwisho akaja jamaa anauza mabanda. Subirini, atatokea mtu wa matenga.

Fundi_Matenga_Nateete
Habari wapendwa. Nina matenga imara ya saizi zote, ya kuku na ya wanyama wadogo. Njoo inboksi.

HakikiKwanza
Sina la kuongeza.

Koboko_Boy
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Fundi_Matenga_Nateete
Simjui huyo dada jamani. Nilitafuta neno tenga nikaletwa hapa.

Nyota_Kansanga
[picha]
Huyo hapo Mandazi, amekaa juu ya gunia la unga, leo asubuhi. Na mkono huo mlangoni ni wa mama mwenye nyumba. Chai gani yenye mkono?

HakikiKwanza
Picha naiona. Paka wa rangi ya mandazi wako milioni. Mkono pia.

Mfugaji_Lira
Chai au si chai, nitajibu kwa ajili ya anayesoma kimya na ana safari kweli. Huyo Mandazi ndiye mgumu kuliko wote. Bibi na Sultani ni wa ndani, wewe na leso yako ndiyo eneo lao. Mandazi eneo lake ni duka, uani na paa la jirani, na amelipigania mpaka sikio likapasuka. Wiki tatu chumbani atalia, atakojolea magodoro, atachana wavu wa dirisha. Dume aliyehasiwa umwangalie na mkojo. Akikaa mchangani anajikamua na hakuna kinachotoka, ni daktari siku hiyo hiyo, hakuna kulala. Woga huleta hayo. Hata wakifika salama, anza kumweka chumba chake, usiseme "hawa wamezoeana". Harufu za safari zinaweza kumfanya Bibi asimtambue. Wabadilishie vitambaa kwanza, wanusane chini ya mlango.

Nyota_Kansanga
Arua nyumba ina vyumba vitatu na ua wenye ukuta. Wavu wa chuma nimeshamwagiza fundi. Hayo ya vitambaa nimeandika.

Mama_Walukuba
Sukari umeandika?

Ustadh_Bombo
Ameruka hapo.

Mpangaji_Mpya
Samahani kuingilia uzi. Dada, hiyo nyumba ya Kansanga baada ya Ijumaa itakuwa wazi? Ni bei gani kwa mwezi, na maji ni ya mita ya peke yako? Mimi naogopa panya sana, nimefurahi kusikia kuna paka.

Nyota_Kansanga
Laki nne na nusu, unalipa miezi mitatu mbele, mita ya peke yako. Paka hayumo.