Nimechoka na magari ya zamani yanayovalishwa vifaa vya mbio nusunusu!

Wakuu, salaam kwa wote isipokuwa wale wanaong'oa mkanda wa kawaida kwenye gari la mwaka 1972, wanafunga mkanda wa mbio wa pointi nne (unaoshikiliwa sehemu nne), kisha wanatupia picha na kuandika "usalama kwanza". Usalama gani huo?

Mkanda wa pointi tatu ambao Nils Bohlin aliwabunia Volvo mwaka 1959 unaendana na gari la barabarani: dereva hana helmeti, paa ni bati tupu, ndani hakuna fremu ya mabomba. Mkanda wa mbio unabana mabega yote mawili. Gari likipinduka na paa likashuka, mwenye pointi tatu bado ana nafasi ya kulala pembeni. Wewe umekaa wima kama nguzo ya kulizuia paa, kwa kutumia shingo.

Tena hizo pointi nne zenyewe! Ukigonga kitu kwa mbele, mikanda ya mabega inauvuta ule wa kiunoni kwenda juu. Huo wa kiunoni unaachia mifupa ya nyonga, unaingia tumboni, na mwili unateleza chini yake. Ndiyo maana mikanda ya kweli ya mbio ina kamba ya tano au ya sita inayopita katikati ya mapaja. Muuzaji hakuambii hilo kwa sababu pointi nne ni rahisi kufunga na zinapendeza kwenye picha.

Ufungaji nao ni majanga. Watu wanashusha mikanda ya mabega moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya kiti. Ikivutwa, inakandamiza mabega kwenda chini na uti wa mgongo ndio unaobeba. Inatakiwa iende nyuma karibu usawa, ikiinama kidogo tu. Ikizidi nyuzi 45 kwenda chini, fungua uanze upya. Na bolti ya mkanda haishikwi na bati na wosha. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bolti ya M12 au inchi 7/16 ya daraja la uimara 8.8, na upande wa pili sahani ya chuma yenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita 40 za mraba. Bati la gari la miaka hiyo mara nyingi limeliwa na kutu chini ya zulia, kwa hiyo ng'oa zulia kwanza ndipo ushike drili.

Halafu kichwa. Mabega yakishikwa kabisa, kichwa kinaendelea na safari. Dereva wa mbio Dale Earnhardt alifariki kwenye mbio za Daytona, Marekani, Februari 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na kabla mwaka huo haujaisha NASCAR, wasimamizi wa mbio hizo, walikuwa wamelazimisha vifaa vya kushika kichwa na shingo. Formula 1 wakailazimisha HANS, kifaa cha mabegani kinachofungwa kwenye helmeti ili kushika kichwa, mwaka 2003. Wewe umechukua mkanda, HANS umeiacha, helmeti umeiacha, ukaongeza na rolikeji (ile fremu ya mabomba) sentimita chache kutoka kwenye sikio lako! Lile sponji gumu la kwenye mabomba linategemea kupigwa na helmeti, si na fuvu tupu.

Breki sasa. Pedi za mbio zinataka joto ndipo zishike. Ukitoka nyumbani asubuhi, mtoto akakatiza barabara kona ya kwanza, pedi bado ni za baridi na gari halisimami unapotarajia. Magari mengi ya zamani yana masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya njia moja: paipu moja ikipasuka, pedali inazama hadi chini na magurudumu yote manne hayana breki. Hapo ndipo pesa ya viti vya mbio ilipaswa kwenda.

Tairi sitaki hata kuongea sana. Meno mazuri si kitu kama mpira umekakamaa. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya 2000. Toa.

NYONGEZA: Mdau ameuliza afanye nini basi. Mkuu, funga mikanda ya pointi tatu inayojikunja yenyewe. Kama nguzo ya kati ya milango haina tundu la juu, ichomelewe sahani ya chuma na mtu anayejua kuchomelea bodi. Weka masta silinda ya njia mbili, na hakikisha paipu za breki za mbele na za nyuma zimetenganishwa kweli. Badilisha paipu zote za mpira. Mafuta ya breki ya DOT 4 yabadilishwe kila miaka miwili: yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 230, yakishanyonya unyevu kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 155, na yakichemka pedali inakuwa sponji. Ila kabla ya kumimina DOT yoyote, hakiki kitabu cha gari lako. Citroën za zamani zenye mafuta ya kijani ya LHM zitaharibika mipira yote. Kutoa upepo kwenye breki, kwa kawaida unaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Na mwingine ameuliza kuhusu mikanda ya mbio ya mtumba kwa gari lake la kiwanjani. Angalia lebo ya FIA, ina mwaka wa mwisho wa matumizi. Mkanda uliokwisha kupata ajali nyuzi zake zimevutika hata kama unaonekana mpya. Lebo ikiwa imekatwa, usinunue.