Lancer Evo X au Subaru STI kwa mtu wa Mtwara? Naombeni ushauri

Korosho Ghafi
Wakuu salaam. Naishi Mtwara mjini, Shangani. Kazi zangu ni za Masasi na Lindi, Dar naenda nikilazimika. Msimu huu umenikalia vizuri, nataka kupumzisha IST na kununua gari la kufurahia usukani kabla magoti hayajaanza kulia. Nimebaki na mbili:

Mitsubishi Lancer Evolution X ya 2008, cc 1,998 turbo, giaboksi ya SST (klachi mbili, pedali ya klachi hamna).

Subaru Impreza WRX STI ya 2008, ile hatchback ya GRB, cc 1,994 turbo, gia sita za mkono.

Zote ziko Dar na zina namba za hapa. Evo iko juu kidogo kwa bei. Kiasi sikitaji, najua inboksi itajaa madalali. Nimezijaribu zote na Evo imenichanganya akili, ila kuna sauti inaniambia Subaru. Nyuma watakaa watoto wawili. Naomba wanaozijua, wa "nunua Harrier" wapite pembeni.

Mzee wa Tochi
Nunua Harrier.

Gia ya Tatu
Mkuu hongera kwa msimu. STI ya namna hiyo nimekaa nayo, na Evo X ya jamaa yangu naiendesha kila nikipata upenyo. Nitasema ya usukani tu, ya mfuko waseme wengine.

Kwenye karatasi ni ndugu. STI ina farasi 308, Evo ya mwaka huo 280, torki zote ni Nm 422 na uzito unacheza kwenye kilo 1,500. Hizo farasi 28 zisikusumbue. Zinapishana kwenye kona. Difu ya nyuma ya Evo ina mfumo wa AYC unaogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, pale ambapo gari jingine lingeanza kutanua kwenda nje, Evo inajivuta ndani. Usukani nao unaitika upesi mno, mkono ukisogea kidogo pua imeshageuka. Ndicho kilichokuchanganya.

STI inataka uifanyie kazi. Shika breki mapema, ingiza pua, ndipo uipe mafuta. Ukiwa na pupa inatanua. Ila pale karibu na gia kuna kitufe cha kuzungusha cha DCCD, unaamua mwenyewe difu ya kati ibane kiasi gani. Na zile gia sita ni tamu jamani. SST inabadilisha haraka kuliko mkono wa mtu yeyote, hilo sibishi, lakini ukishaizoea unajikuta abiria kwenye gari lako. Mimi ningechukua Subaru kwa sababu hiyo peke yake.

Jambo jingine, kama unataka ule mngurumo wa "bu-bu-bu", isikilize kwanza. STI za Japani za cc 1,994 zina turbo ya twini skroli (inapokea moshi kwa njia mbili) na mabomba ya ekzosti yaliyolingana urefu, kwa hiyo mlio wake ni mkavu. Mngurumo unaoupenda ni wa zile za lita 2.5.

Mzee wa Tochi
Hizo kona mtazipatia wapi? Mtwara hadi Mingoyo ni matuta na rasta kila kijiji, na 50 yenu mnaijua. Penye kona za maana ni kupanda Newala ukitokea Masasi, na huko unakutana na lori limebeba korosho mpaka angani. Tairi za hayo magari ni 245/40 rimu 18. Shimo moja tu, rimu imekunjika.

Fundi wa Pwani
Mzee kaongea kwa utani ila tairi ni kweli. Mwenye gari la hivi apunguze rimu iwe 17 kama kaliperi za breki zinaruhusu, aongeze nyama ya tairi.

Korosho Ghafi, mimi nazifungua hizi gari. Uendeshaji Evo inashinda. Lakini wewe unakaa Shangani, bahari iko mlangoni, na pampu inayoendesha hiyo AYC imefungwa nyuma chini, inapigwa maji na matope na inaliwa na kutu hata kwenye nchi zisizo na chumvi ya kwako. Ikifa, taa inawaka kwenye dashibodi na ile kona ya Gia ya Tatu imekwisha. Umebaki na Lancer ya bei mbaya. SST nayo ina oili yake na filta yake, haitaki kubahatisha, na inachemka ukiilazimisha kwenye joto. Ikileta hitilafu unahitaji kompyuta inayoongea nayo na mtu anayejua anachokisoma. Mtwara utampata? Gari litapanda mgongoni mwa lori kwenda Dar.

Kwa haki ya Evo: injini yake ya 4B11 inatumia cheni. STI ina mkanda wa taimingi, badilisha kwa kilomita 100,000 pamoja na wota pampu na roli zake, usiruke hata kimoja. Mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Na Subaru hizi zinapenda kunywa oili, chomoa stiki kila unapojaza mafuta. Faida yake ni kwamba Forester na Impreza zimejaa kila mahali, fundi anayeielewa boksa, hii injini ya Subaru yenye pistoni za kulala, humkosi. Ila usidhani kila spea inaingiliana. Giaboksi ya gia sita na breki za Brembo huzipati kwenye Forester na Impreza za kawaida.

Zote mbili zilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani karibu 100. Ya kwetu iko chini ya hapo. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, ondoa mguu, halafu katafute mtu wa kutyuni.

Binti Mikindani
Mnaisingizia tu Evo. Ya kaka yangu inasafiri Dar na kurudi, haijalala barabarani. Kinachoudhi ni tangi, lita 55, na ukiifurahia hufiki Dar bila kusimama. Na zote mbili zimeshakula vumbi la Safari Rally hapo Kenya, Mäkinen alishinda na Lancer 1996, McRae na Subaru 1997. Heshima ziende pande zote.

Korosho Ghafi
Asanteni sana. Fundi umenitisha kweli, pampu kuliwa na kutu sikuifikiria kabisa. Tatizo ni mama watoto, hataki kusikia klachi. Kuna STI A-Line ya otomatiki, nikiagiza Japani?

Mzigo Bandarini
A-Line ni cc 2,457, ushuru wa bidhaa unatoka 5% kwenda 10%. Na gari likivuka miaka 10 kuna 30% ya uchakavu. Piga hesabu kwa kila milioni 10 ya thamani, ambayo TRA wanaipanga wao, siyo risiti yako: ushuru wa forodha 25%, halafu hizo mbili, halafu VAT 18% juu ya vyote. Ya cc chini ya 2,000 inakula karibu milioni 9.9, ya 2.5 karibu 10.65, bado tozo ndogondogo. Chukua iliyokwisha kusajiliwa.

Fundi wa Pwani
Na hiyo 2.5 ndiyo yenye ugonjwa wa pistoni kupasuka kwenye kingo za ringi. Kaa mbali.

Binti Mikindani
Shemeji afundishwe klachi, uwanja upo. Au abaki na IST, atakushukuru siku ya sokoni.

Korosho Ghafi
Haya, IST inabaki, na mama watoto kaafiki haraka mpaka nimeshtuka. Wikiendi naenda kuiangalia STI. Nikague nini?

Fundi wa Pwani
Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Pima kompresheni silinda zote nne, namba zisiachane. Kagua kama imewekewa turbo kubwa au imetyuniwa na nani, maana iliyochezewa hovyo huwa imekaribia kunoki. Angalia moshi wa buluu, jaribu gia ya tatu ikiingia kwa kasi, omba risiti ya mkanda. Na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika boneti kwanza, salamu baadaye.