Dodoma: wakisikia wewe ni mke wa mjeda, kodi inapanda au mlango unafungwa

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyetaka apite salama. Sitaji kikosi, sitaji cheo, sitaji jina la mume wangu. Msiniulize.

Mume wangu ni mwanajeshi, kahamishiwa Dodoma kutoka Dar. Amri ilimtaja yeye peke yake. Mimi na watoto hatumo kwenye karatasi yoyote, ila sisi ndio tunaozunguka juani kutafuta nyumba, shule na riziki, maana yeye alfajiri keshaondoka na akirudi ni giza.

Nyumba za jeshi hazitoshi, hilo kila mtu analijua. Ule mradi wa nyumba 10,000 za wanajeshi, awamu ya kwanza zilijengwa 6,064 na zikagawanywa mikoa kadhaa. Aliyepata ashukuru Mungu, tuliobaki tunapanga uraiani. Na uraiani ndiko nilikokutana na watu wa ajabu.

Dalali wa kwanza alinipokea vizuri tu. Hela ya kuonyeshwa nyumba nikatoa. Nkuhungu, chumba na sebule, jiko na choo ndani, laki moja na nusu kwa mwezi. Nikaridhika. Tunaagana, akauliza shemeji anafanya kazi gani, nikamjibu bila kufikiria. Jioni simu inaita: mwenye nyumba kabadilisha mawazo, sasa ni laki mbili na ishirini, tena anataka ya mwaka mzima. Namuuliza kulikoni, ananijibu bila aibu: "Dada, si hela ya serikali hiyo? Ya uhamisho si mmeshapewa?" Yaani mtu ameshanipangia matumizi ya hela ambayo mimi mwenyewe sijaiona. Na kumbuka yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, kwa hiyo kodi ikipanda na yeye kapanda.

Nikaenda Chang'ombe kwa mama mmoja mtu mzima, nyumba yake nzuri, uwanja umefagiliwa. Safari hii aliniuliza mapema. Nilipomwambia akashika kiuno. "Mwanangu, wewe sina neno na wewe. Lakini mjeda simpangishi. Akigoma kulipa nani atakuja kumtoa humu?" Nikamwambia mama, mume wangu hajawahi kudaiwa kodi na mtu. Akasema wote huanza hivyo.

Kusema kweli huyu mama namwelewa kuliko yule dalali. Wapo askari wanaowatisha wenye nyumba, tusidanganyane hapa. Ila adhabu ya hao inatuangukia sisi wenye watoto, na wao wanaendelea kuishi bure huko walipo.

Najua pia ilikoanzia. Tangu Magufuli atangaze Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, kila mwenye vyumba viwili vya kupangisha anamsubiri mtumishi. Mimi si mtumishi. Mimi nashona nguo.

Mwishowe tumepata Ipagala, kodi miezi sita kwa mkupuo. Maji ni mgawo, siku ya maji unajaza kila chombo ulicho nacho mpaka sufuria za pilau, na yenyewe yana chumvi, chai haina ladha. Halafu Luku, umeme wa kulipia kabla. Tunaishi wapangaji kadhaa kwenye mita moja, na kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku hiyohiyo, 1,500 kila mwezi. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Nilipomwomba aipunguze kwenye kodi ya pango akacheka, akasema wa Dar mna maneno mengi.

Sasa njooni kwenye shule, maana hapa ndipo nilipolia.

Mwanangu yuko darasa la sita. Fomu ya uhamisho nilihangaikia Dar, mwalimu mkuu kasaini, afisa elimu kagonga muhuri, nikaja nayo nimeikunja kama hati ya kiwanja. Shule ya kwanza hapa: nafasi hakuna. Ya pili: nafasi ipo, ila mtoto aje na dawati. Nikauliza, mwalimu, ada na michango ya lazima si vilifutwa tangu Januari 2016? Upo na Waraka Na. 3 wa mwaka huohuo, michango haiwi sharti la mtoto kupokewa. Akanitazama kama nimemtukania mzazi. "Mama, waraka haukaliwi. Mtoto anakalia dawati." Waliokuwa ofisini wakacheka, mimi nimesimama na mwanangu kanishika mkono.

Dawati nikanunua. Bado haikuisha. Namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi kwenye mfumo wa kompyuta, ikawa inasoma shule ya zamani, hajaachiwa kwenye mfumo. Huku wanasema wapigie Dar, Dar wanasema sisi tumeshamaliza, waambie huko wampokee. Mtoto muda wote huo anakaa darasani bila jina kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu akiita majina, yeye haitwi. Wenzake wakaanza kumwita "mgeni wa rais". Na hewa hii kavu, wiki za mwanzo anatoka damu puani, anarudi shati lote limechafuka, nadhani kapigwa kumbe ni pua tu.

Kazi yangu ndiyo imekufa kabisa. Kule Dar, Gongo la Mboto, nilikuwa na wateja wa miaka, sare za shule, vitenge vya harusi, mtu anaacha kitambaa na hela bila risiti. Hapa ili nifungue kibanda nianze na barua ya serikali ya mtaa, na hiyo barua ina "hela ya muhuri" ambayo haina risiti. Kisha leseni upya, maana ile ilitolewa na halmashauri nyingine, kisha niende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha eneo la biashara. Nikataka kuingia kikoba cha kina mama mtaani nipate mtaji. Wanataka mdhamini anayekujua. Nani ananijua mimi huku? Mmoja akasema wazi, wake za wajeda hawakopesheki, leo yupo kesho kahamishwa na deni letu.

Nimekosa la kumjibu maana ni kweli tunaweza kuhamishwa.

Gongo la Mboto nilikuwa na watu. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi, mume wangu hakuwepo nyumbani, jirani ndiye aliyembeba mwanangu mkubwa mgongoni tukakimbia naye gizani. Watu kama hao hawapatikani kwa barua ya uhamisho, na hakuna posho inayowafidia.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kuandika "si uliolewa na mjeda ukijua?" Nilijua ataitwa usiku. Nilijua atakuwa mbali nijifunguapo, na kweli alikuwa mbali. Hayo nilikubali. Dalali kupandisha kodi kwa sababu ya kazi ya mume wangu sikukubali popote, wala mwalimu kunidai dawati.

Na ninyi mnaoniambia "mwambie mzee aende na gwanda watanyooka", acheni. Akienda na gwanda yule mama wa Chang'ombe atakuwa amesema kweli.

Ninachoomba ni hivi. Mwenye kujua namna ya kusukuma jina la mtoto kwenye mfumo pande mbili zinapotupiana mpira, anielekeze ofisi ya kwenda na karatasi za kubeba. Mwenye kujua mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi mitatu, Ipagala, Ilazo au Kisasa, aniandikie faraghani. Na kama kuna fundi cherehani Dodoma anayetafuta mtu wa kugawana naye kibanda, cherehani ninayo, nakuja nayo.

Madalali msiniandikie.