Mafundi mnaouza betri kwa sababu ya mlio wa feni, mkome!

Wakuu, hili limevuka mpaka. Mteja anachomeka gari yake ya umeme, Nissan Leaf, usiku, anasikia feni ikivuma mbele ya gari. Asubuhi anakwenda kwa fundi, anaambiwa "betri imechemka, tafuta nyingine." Huo ni wizi! Betri ya Leaf haina hata bomba moja la maji. Kinachopozwa pale ni chaja iliyomo ndani ya gari, inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa betri. Maji yake yanasukumwa na pampu ndogo hadi kwenye rejeta, ndiyo maana kuna mvumo wa chini kwa muda mrefu, na feni inawaka joto likipanda.

Ile "tak" nzito mwanzoni na mwishoni ni relei kubwa za betri, yaani swichi zinazounganisha na kukata umeme wake. Mluzi mwembamba kama wa mbu ni koili za chaja. Kwenye Leaf za mwanzo, zenye kodi ya modeli ZE0, mluzi unatokea nyuma ya siti za nyuma, chaja ilikaa huko. Kuanzia modeli iliyofuata, AZE0, ikahamia mbele. Fundi asiyejua hilo anafungua nini?

Maji yakigugumia, hapo kosa ni lenu: mmebadilisha kulanti, yaani maji ya kupozea, bila kutoa upepo.

Tak-tak-tak mfululizo na chaji haishiki? Pimeni betri ndogo ya volti 12. Gari imepumzika na testa inasoma chini ya 12, anzeni na hiyo. Kisha erthi, maana kebo nyingi hukataa kuchaji isipokuwepo.

Kinachouma zaidi, mlio wa hatari ndio mnaoupuuza. Ni ule wa kutatarika kwenye soketi ya ukutani, kama kitunguu kikitumbukia kwenye mafuta ya moto. Kebo za Kijapani za volti 200 zinazokuja na Leaf ni za ampia 15. Nyinyi mnakata plagi yake, mnafunga ya pini tatu ya ampia 13, mnamwongezea mteja na ekstensheni. Kebo haijui kama imebadilishiwa plagi. Inairuhusu gari kuvuta ampia 15 ileile usiku kucha. Fyuzi ya 13 haikatiki kwa ziada ndogo kama hiyo, kwa hiyo zinazopikwa ni pini na vibanio vya soketi. Vikilegea, cheche zinaruka. Itazameni hiyo plagi: kahawia kuzunguka pini ya laivu, plastiki imelainika, harufu kama ya samaki.

Mwenye gari, ukiusikia mlio huo, bonyeza kwanza kitufe cha bunduki, yaani kichwa cha kebo kinachochomekwa kwenye gari, ili chaji ikate, zima breka, ndipo uchomoe plagi. Usiichomoe umeme ukiwa unapita. Halafu dai kazi kamili: kebo ya milimita 4 za mraba kutoka meni swichi, breka yake peke yake, RCD (kinga inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30, erthi iliyopimwa, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampia 16.

Fundi anayefunga plagi ya 13 kwenye kebo ya 15 ajitokeze hapa aeleze anamlinda nani. Aje na vipimo.